Kiporo cha Blogu Kilivyomzika Mzee Shabani

Wenzangu, kucheka chekeni tu, maana nisiposimulia mimi mtasimuliwa na watu wa Kimamba, na wale chumvi hawapimi. Afadhali aibu yangu niipakue mwenyewe.

Mimi nina blogu. Ndiyo, mimi huyu Bibi Zaina wa darasa la nne (la zamani nasema, siyo haya ya sasa), naandika mapishi na visa vya huku kwetu Kilosa, na wasomaji ninao mpaka Morogoro mjini. Aliyenifungulia ni mjukuu wangu Mwanaidi, yuko mapokezi kwenye hoteli moja kule Mikumi, mtoto ana akili huyo, kanirithi mimi. Sasa siku za karibuni wasomaji wakawa wanapungua, na mimi kupungukiwa watu sijazoea, hata ubwabwa nikipika napika wa kujaza uwanja. Nikampigia simu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Watu wangu wamekwenda wapi?"

Akacheka. "Bibi, si lazima uandike vipya kila mara. Chukua vile vya zamani uviboreshe. Toa yaliyopitwa na wakati, fupisha, weka picha nzuri na tarehe mpya. Ila kabla hujarusha nitumie kwanza nipitie."

Mnayaona hayo maneno ya mwisho? Ndiyo niliyoyaruka. Nilisema moyoni, yaani mimi nikaguliwe kiporo na mtoto niliyemtawaza kwa mkono wangu?

Asubuhi yake nikaanza na kisa cha mlenda, nikakitia picha mpya, kikatoka safi. Nikapata kiburi. Nikaingia kwenye kisa cha Mzee Shabani.

Huyu Mzee Shabani wa Kimamba ni mtani wangu. Mimi Msagara, yeye Mnyamwezi, baba yake aliletwa huku na kazi za mkonge, na tangu ujana wetu hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Zamani alikuja akala jogoo wangu bila kuniuliza (haki yake, mtani haombi), nami nikamlipiza kwenye blogu: nikaandika amekufa, amekabwa na paja la jogoo wa wizi, na maiti nimeizuia kwangu mpaka Wanyamwezi waje waikomboe, kama tunavyofanyiana watani misibani. Mwishoni nikasema mzee yu hai, nimemwona akigombea ukoko na watoto. Watu walicheka mpaka basi.

Haya, nikaboresha. Jogoo kaliwa zamani, kapitwa na wakati: nikamtoa. Habari za kukomboa maiti ndefu mno: nikakata. Mkia wa ukoko, nani siku hizi anasoma mpaka mwisho? Nikakata na mkia. Nikaweka picha yake ya Idi, kanzu nyeupe, uso wa upole (alikuwa hajala bado), tarehe ya leo, na juu nikapamba kama wanavyosema redioni: Mzee Shabani wa Kimamba hatunaye tena, msiba uko nyumbani kwa Bibi Zaina, Kilosa. Kwangu mimi kilikuwa bado kisa cha jogoo, nimekipunguza mafuta tu. Nikarusha, nikaenda uani kupukuchua mahindi.

Jua halijafika utosini nikasikia vilio. Wanawake wanaingia, huyu na unga kichwani, yule na sufuria kubwa, wanaume wanashusha turubai. Mbele yao Asha, binti wa Mzee Shabani anayewauzia wali madereva wa malori pale Mikumi barabarani. Kaacha vyungu motoni kaja na mwiko mkononi! Akanirukia shingoni. "Mama! Mama wee, tumebaki na nani!"

Sasa nyie mnajua kwetu: mtu akifiwa na wa karibu haambiwi ghafla, anafichwa, wanatangulizwa watu kwanza ndipo aambiwe. Nikajua tayari, ni mwanangu mmojawapo. Nikajitupa chini na magunzi yangu nikalia kilio ambacho sijakilia tangu nimzike mume wangu. Nalia, na simjui ninayemlilia! Kuuliza naona haya, utaulizaje maiti ya nyumbani kwako?

Jirani yangu Mama Mwajuma akanishika. "Jikaze dada. Mtani naye ni ndugu."

"Mtani yupi?"

"Si Mzee Shabani!"

Nikaanza upya. "Uuuwi! Juzi tu katoka kunitukana!" Nikagaagaa kweli, siyo mchezo, mpaka shehe akainama karibu yangu akasema kwa upole, "Bibi Zaina, tuonyeshe alipolazwa marehemu tumwoshe, azikwe alasiri. Tumelisoma tangazo lako, umeandika vizuri sana."

Tangazo langu.

Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Na kabla sijapata uongo wa kusema, bodaboda ikaingia uwanjani, na nyuma yake Mzee Shabani, jembe begani, analia kuwashinda wote: "Zaina weee! Msagara mchoyo weee! Jogoo zako unamwachia nani!" Kumbe Kimamba kasikia kuna msiba kwa Bibi Zaina, simu ya kusomea blogu hana, akajua nimekufa mimi, basi kaja kunichimbia kaburi, kazi ya mtani.

Akaniona. Nikamwona. Watu wakamwona.

Jamani! Uwanja ulibaki mtupu. Shehe mwenyewe alipita kwenye uzio wa mabua, kofia akaiacha. Aliyebaki ni Asha, hajui amkumbatie baba yake au ampige, akafanya vyote, na mwiko ule ule.

Waliporudi mmoja mmoja ikabidi nisimame mbele yao, khanga imejaa vumbi la mahindi, nieleze maana ya kuboresha. Mama Mwajuma akanitazama. "Sasa hapo umeboresha nini, dada? Umemuua mtu!"

Basi unga upo, sufuria zipo, kukapikwa. Marehemu akakaa mbele, anachagua minofu. Mara akaacha kutafuna.

"Zaina, umeniharibia."

"Nimekuharibia nini, na unakula?"

"Leo wamekuja wote, mpaka wa Mikumi. Siku nikifa kweli nani atasadiki? Watasema kiporo cha Bibi Zaina. Nitazikwa na wewe na shehe, na shehe umemwona anavyokimbia."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilimtazama macho, hakuwa anatania. Mtu mzima anaogopa kuzikwa bila watu, na hofu hiyo nimempa mimi.

"Nitoze faini," nikamwambia. "Chukua kuku."

"Kuku nitakula tu. Faini yako ni usinitangulie. Siku yangu ikifika, upite wewe nyumba kwa nyumba. Wakikuona umekosa utani mdomoni, watajua ni kweli."

Jioni Mwanaidi akapiga, anacheka na kulia: kisa kimesomwa kuliko vyote. Nikamwambia kirudishie mkia wake haraka, na kuanzia leo siruki neno lako. Kiporo huonjwa kabla hakijapakuliwa, hilo nililijua jikoni, nikalisahau kwenye simu.

Tangu siku hiyo vidonge vya presha navimeza kwa saa yake, chumvi nimepunguza, na asubuhi natembea mpaka stesheni na kurudi, maana nimekatazwa kufa. Na Mzee Shabani, Mnyamwezi yule asiye na haya, ana afya ya punda.