Pleti Niliyoisugua Mwenyewe

Lori likipanda mlima mbele yetu na klachi ikaanza kuungua, wenzangu garini hufunga vioo. Mimi hufungua. Harufu ile kali, kama ya nywele na mpira vikichomwa pamoja, hunirudisha Endarasha, uani kwetu, nikiwa na miaka tisa. Msinicheke, wengine wenu mnapenda harufu ya petroli na hamsemi.

Baba alikuwa fundi hodari, lakini wa baiskeli. Kwa hivyo jirani yetu mjane, Mama Gathoni, alipomletea trekta kuukuu ya marehemu mumewe, ambayo injini yake ilinguruma na magurudumu yakakataa kwenda, kijiji kizima kilikuja kutazama. Mvua ilikuwa karibu. Nyumba sita, yetu ikiwemo, ziliitegemea trekta hiyo kulima mashamba ya viazi, na Baba alikuwa ameahidi mbele za watu kwamba itatengenea.

Ili kuifikia klachi ya trekta kama ile, unafungua bolti za katikati, unaegemeza nusu ya mbele juu ya magogo, kisha unaivuta nusu ya nyuma kando. Siku tatu tuliishi na nusu mbili za trekta, kuku wakipita katikati. Jumamosi Baba aliweka juu ya gunia pleti mpya, lile duara linalobanwa ili nguvu ya injini ifike magurudumuni, akaenda kunywa chai. Nikaishika. Ilikwaruza kama kisigino cha nyanya yangu.

Sasa, kwetu kila kilichokwaruza kilipakwa mafuta ya kukamulia. Chuchu za ng'ombe, mikono ya Mama, miguu yangu kabla ya kwenda kanisani, vyote vilihudumiwa na kopo moja. Nikalileta kopo. Nikaipaka pleti kwa upendo, nikaipangusa, nikajisifu kimoyomoyo. Baba, mwenye grisi hadi viwikoni, hakugundua kitu.

Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado na nguo za kanisa, aliiwasha. Akaachilia klachi. Trekta ikasogea hatua moja, ikasimama, injini ikipiga kelele na moshi ukitoka chini.

"Si ungekaa tu na baiskeli zako, Baba Wangari?" mtu mmoja akasema, na watu wakacheka.

Mama Gathoni hakucheka. Alikuwa akitazama mawingu.

"Pole, mama," Baba akamwambia. "Hiyo makosa ni yangu. Nitafungua tena."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Watu walipoondoka nilimwendea nikamwambia yote kwa pumzi moja. Mimi ni kifungua mimba, nilipewa jina la mama yake, na tangu nizaliwe hakuwahi kuniita ila Maitu, yaani mama yangu. Mtu hampigi mamake. Lakini anaweza kumnyamazia wiki nzima, na hilo ndilo nililoliogopa.

"Maitu, ulipaka pande zote mbili?"

"Ndio, Baba. Vizuri kabisa."

"Basi utaosha pande zote mbili."

Jumatatu nilipotoka shuleni alikuwa ameshaitoa. Akanipa petroli kidogo kwenye mkebe, mswaki uliochakaa na msasa, nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Akaiangalia, akaridhika. Kesho yake alfajiri alidandia lori la viazi akaenda Nyeri mjini, ati kuna bolti moja imepotea. Niliporudi kutoka shule, trekta ilikuwa imefungwa na inalima kwa Mama Gathoni bila kusita, naye mwenyewe anapiga vigelegele kando ya shamba. Mvua ilitukuta tumemaliza nyumba zote sita.

"Preti ni huyu Maitu alisafisha," Baba aliwaambia watu.

Nilitembea kifua mbele mwaka mzima. Niliamini hakuna nitakachoharibu nikashindwa kukitengeneza, na kwa imani hiyo nikaingia chuo cha ufundi, msichana peke yangu darasani. Leo nina gereji yangu Nanyuki. Kazi yangu naijua, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini muhula wa kwanza chuoni, mwalimu alisema pleti iliyolowa mafuta na kuungua haioshiki. Ni kununua nyingine. Nikasimama kumpinga. Nilimwambia niliwahi kuiosha mwenyewe nikiwa mtoto, na trekta ikalima. Akatabasamu, akaniletea moja nijaribu. Nilisugua asubuhi nzima. Tulipoifunga, gari likanguruma, likatoa moshi, halikwenda popote.

Nikampigia Baba simu. "Baba, ile pleti niliyoosha, uliirudisha kwenye trekta?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini Maitu," akasema, "ilikuwa safi sana."

Nililia pale pale nje ya karakana, na sikujali nani ananiona. Angeniambia ukweli Jumatatu ile, kwamba anaenda Nyeri kununua pleti nyingine, ningekubali kwamba mimi ni mtoto wa kuharibu tu, na spana nisingeishika tena. Alingoja mpaka nikawa fundi wa kutosha kuugundua mwenyewe.