A Tatu za Salama

Leo nimeandika Salama kwenye kompyuta, kwa herufi za mtindo wa burashi, kwa ajili ya bango la mteja. A zote tatu zina mkwaruzo uleule, mahali palepale. Nimezikuza na kuzichungulia, na pua ikakumbuka harufu ya rangi ya mafuta.

Mama alikuwa fundi cherehani karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani. Mchoraji aliandika neno hilohilo juu ya mlango wetu: a ya kwanza nene, ya mwisho imekonda.

“Hii iko na njaa,” mama alisema. “Mi sishonaka mikono ya shati namna hii. Rudia.”

Mchoraji akaazima futi ya mama, akapima, akarudia. Bado hazikulingana.

“Mama, huu ni mukono, haiko mashini.”

“Bon, leta burashi!”

Mama akaandika a mbili pembeni ya mlango, ulimi nje. Nilisogea kuona nani atashinda. Moja ilifanana na yai, nyingine na kiatu. Alirudisha burashi, akaenda kumchemshia mchoraji chai.

Ukuta ulipopakwa rangi upya, mama alisimama pale penye a zake mbili na kusema, “Hapa musiguse.”