Kompyuta Nambari Tatu

Mukami wa kijiji cha Gachoka alirudia darasa la nane mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyemwambia arudie. Hakuridhika na alama za hesabu. Baada ya hapo alibaki nyumbani na mbuzi wa babake, akiwachanja na kuwazalisha, hadi mwaka 1999 aliposikia redioni kwamba chuo kimoja ng'ambo kinafadhili masomo ya afya ya mifugo. Nafasi zilikuwa chache. Fomu haikuwa ya karatasi. Ilikuwa kwenye mtandao, na mwisho wa kuituma ni Ijumaa ya mwisho ya Septemba.

Saiba ya Ismael, duka la kulipia mtandao mjini Embu, ilikuwa na kompyuta tatu ndani ya chumba kilichowahi kuwa bucha. Kulabu za nyama zilikuwa bado darini. Ismael hakuziondoa, kwa kuwa wateja walizitundikia makoti.

Fomu ilikuwa na kurasa tisa, na laini ya simu ilikatika ilivyotaka, kwa hiyo Mukami aliijaza kidogo kidogo, kila siku ya soko. Siku ya pili alikaa tena kwenye nambari tatu, na tovuti ikamsalimu kwa Kiingereza: Karibu tena, Mukami. Majibu yake yote yalikuwapo. Alifurahi kwamba chuo kikubwa namna hiyo kinamkumbuka. Siku ya tatu alikuta nambari tatu ina mtu, akakaa kwenye nambari moja. Chuo kikamuuliza jina lake, kana kwamba hakijawahi kumwona.

Mwingine angeanza upya. Mukami alimwita Ismael na kudai maelezo. Ismael akamweleza kwamba tovuti haimjui mtu. Ukiifungua mara ya kwanza, inaacha kijikaratasi ndani ya kompyuta, kimeandikwa namba tu. Wajuzi wanakiita kuki. Ukirudi, inakisoma kijikaratasi chake, inaitafuta namba hiyo kwenye majalada yake na kukutolea lililo lako. Kompyuta ya pili haina kijikaratasi hicho, kwa hiyo kwake wewe ni mgeni.

Mukami alifikiri. "Kwa hiyo alama iko kwenye sikio la mbuzi," akasema. "Haiko kwa mchungaji."

Ismael, ambaye maisha yake yote alimjua mbuzi akiwa tayari kwenye kulabu, alikubali kwa adabu.

Tangu siku hiyo Mukami hakukaa penginepo. Hata nambari moja na mbili zikiwa tupu, alisubiri nambari tatu akiwa amesimama. Wateja walisema kile kiti kimemroga.

Ijumaa ya mwisho ilifika ukiwa umebaki ukurasa mmoja. Nambari moja ilikuwa imeharibika, na kwenye nambari mbili kulikuwa na mtu anayeandika barua ndefu. Kwenye nambari tatu alikuwa amekaa Mzee Kathuri, mfanyabiashara wa mbuzi na mzee wa kanisa. Habari za ufadhili zilikuwa zimeenea Gachoka nzima, naye akaja kumjazia fomu mwanawe Muriuki, aliyebaki nyumbani na mifugo. Uso aliukunja. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Karibu tena, Mukami. Na chini yake: Kama wewe si Mukami, bonyeza hapa.

Kwa miaka sitini hakuna aliyemwita Mzee Kathuri kwa jina la mwanamke, na hakuwa tayari chuo kiwe cha kwanza. Kidole kilikuwa juu ya kipanya.

"Mzee, usibonyeze," Mukami akasema.

"Hii mashine inaniita wewe. Unataka nikubali?"

"Ukibonyeza, alama yangu inafutika, na kurasa zangu nane zinaenda nayo. Leo ndiyo mwisho."

"Lakini mimi si Mukami." Alilisema kama shahidi kortini, na hakuna aliyeweza kumpinga.

"Mzee, mbuzi akiingia kwa boma yako jioni, na sikio lina alama ya kina Njuki, unafanya nini?"

"Namweka, mpaka mwenyewe akuje."

"Humkati sikio upya?"

"Huo ni wizi."

"Basi mwenyewe amekuja."

Yule wa barua aliacha kuandika. Mzee Kathuri alitazama kioo, akamtazama Mukami, kisha akauondoa mkono polepole na kuinuka. Alimwomba tu afanye haraka, maana yeye pia ana mtoto.

Mukami aliujaza ukurasa wa tisa. Laini ilikatika, ikarudi, na tovuti bado ilimwita kwa jina. Akatuma. Alisubiri hadi chuo kilipoandika kwamba kimepokea, kisha akabonyeza yeye mwenyewe pale pa kusema kwamba yeye si Mukami.

"Si sasa itakusahau?" Mzee akauliza.

"Inisahau. Kaa, Mzee."

Tovuti ikauliza jina. Mzee Kathuri, akiwa ameridhika, aliandika kwa kidole kimoja K, akaitafuta A, akaipata. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mbele yake kulikuwa na kurasa tisa, zote za Muriuki.

Nafasi zilikuwa chache, na Mukami alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Akavuta stuli.

"Futa hiyo, Mzee," akasema. "Anayeenda shule ni Muriuki."