Mtu Aliyehamisha Wazee kwa Shikamoo

Simu za msiba hunikuta nikiwa nakula, sijui kwa nini. Safari hii nilikuwa na kipande cha muhogo mkononi na chai mezani, asubuhi ya Jumatano, jirani wa marehemu akanipigia na kusema bila kuzunguka: "Bwana wa maturubai ametutoka." Nikamuuliza yupi, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshajua, maana hapa Kilwa Masoko wapo kadhaa wanaokodisha maturubai na viti, lakini ukisema "bwana wa maturubai" bila kuongeza neno, watu humwelewa yeye. Sikuwa ndugu yake, wala rafiki wa kushinda barazani kwake. Nilikuwa mtu wa kukutana naye kwenye shughuli: harusi, hitima, maulidi, na miaka hii ya karibuni kwenye mashindano ya pikipiki. Hata hivyo muhogo ule sikuumaliza. Mtu huyu aliwahi kuniondoa kitini mara tatu mbele za watu, na mara zote tatu niliondoka nikimshukuru. Wanaozijua hasira zangu wataelewa kwamba hiyo si kazi ndogo.

Marehemu alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vidole vya manjano vya mvutaji wa siku nyingi. Kazi yake aliijua. Akiingia kwenye kiwanja kitupu alikuwa akisimama katikati, anawasha sigara moja, anatazama moshi unakoelekea, ndipo anawaambia watu wake nguzo ya kwanza ichimbiwe wapi. Aliiita sigara ya kupimia upepo. Nilimwambia siku moja kwamba upepo wa Kilwa unajulikana tangu enzi na enzi, hauhitaji kupimwa kila siku. Akanijibu, "Mdogo wangu, upepo unajulikana, lakini nyumba za watu zinaupinda." Mkewe, ambaye alikuwa akiandamana naye kusimamia vyombo, alisema mbele yangu kwamba kiwanja kikubwa hupimwa kwa sigara moja, lakini mume wake hata baraza ya nyumbani alikuwa anaipima mara sita. Marehemu akacheka mpaka akakohoa. Mkewe hakucheka sana. Yule mama alikuwa na pumu tangu utotoni, na sigara zile zote mumewe alizivutia barazani, yeye amekaa ndani, mlango umefungwa moshi usiingie.

Mashindano yalipoanza, kiwanja kikiwa nje kidogo ya mji, kamati ilimwita yeye kwa viti. Vijana wa bodaboda walitoka Pande, wengine Likawage, wengine walikuja hadi kutoka Mtama na pikipiki zao juu ya Fuso. Basi marehemu akapanga viti kama alivyozoea kupanga shughulini: wazee mbele kabisa kwenye kivuli, kinamama nyuma yao. Hakuwa na namna nyingine ya kupanga kichwani mwake, na sisi tulioketi hatukuona kasoro. Kumbe wavutaji wakubwa wa mji huu ndio hao hao wazee, nami nikiwa miongoni mwao wakati ule kwa pakiti nzima kwa siku. Tuliketi mbele tukavuta, na upepo kutoka baharini ukachukua moshi wote ukaupeleka nyuma. Safu ya pili alikuwa ameketi mkewe. Alikuwa amevaa baibui jipya na amekuja kwa jambo moja tu: binti yao, yule anayepakia abiria kati ya Masoko na Pande, alikuwa anashindana kwa mara ya kwanza, ushungi umebanwa vizuri chini ya helmeti.

Mama hakumwona. Kabla zamu ya binti haijafika, kifua kilimbana, wenzake wakambeba mikononi hadi kwenye Bajaji. Nilisikia kikohozi kile nyuma ya kisogo changu na, Mungu anisamehe, nilidhani ni vumbi. Binti alipozunguka kona ya mwisho aligeuza kichwa kutafuta kiti cha mama yake. Akakiona kitupu. Akaachia mafuta, pikipiki ikapungua mwendo, na wote waliokuwa nyuma yake wakampita. Alipofika mwisho hakuuliza ameshika nafasi ya ngapi, aliuliza mama yuko wapi. Marehemu alikuwa amesimama kando ya nguzo na sigara mkononi, na mimi nilimwona akiitazama ile sigara kwa muda mrefu kabla hajaizima.

Mashindano yaliyofuata tulikuta kamba ya katani imegawa kiwanja pande mbili. Huku wanaovuta, kule wasiovuta. Watu walicheka. Mmoja wetu akamwambia, "Bwana, hapa kuna vumbi la kujaza gunia na moshi wa pikipiki ishirini, wewe unahangaika na sigara?" Akajibu taratibu, kama alivyojibu kila kitu, "Vumbi sina pa kulipeleka. Sigara ina mwenyewe, na mwenyewe ana miguu." Kamati nayo iliandika bango, lakini bango hilo halikumsogeza mtu. Sisi watu wa huku hatuambiwi na ubao. Isitoshe, nani angemwambia mzee wa miaka themanini aondoke alipoketi? Tumelelewa hivyo. Ukimwona mkubwa amekosea unaangalia chini, unachora mchanga kwa kidole cha mguu, unasubiri amalize kukosea.

Yeye ndiye aliyepata njia. Alimfuata mzee mmoja mmoja. Alikuwa anakwenda mpaka mbele ya mzee, na yeye mwenyewe mtu mzima wa mvi, anachuchumaa, anasema shikamoo. Anasubiri marahaba. Hakuwahi kuongeza neno kabla ya kupata marahaba yake. Ndipo anasema, "Mzee, kiti chako nimekiweka kule, pana kivuli kizuri," na anatoa mkono. Mzee akiisha kushika mkono ule, basi ameshaondoka. Alifika na kwangu, na mimi ni mdogo kwake, wa kutoa shikamoo ni mimi. Alichuchumaa vilevile, akanisabahi, akanipa mkono. Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini, nimeyapanga tangu nilipomwona kwa mzee wa jirani. Yalipotelea wapi sijui. Nilijikuta natembea kuelekea upande wa wavutaji nikimwambia ahsante.

Sasa hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu peke yake. Kwa kuogopa wazee wasijione wamefukuzwa, upande wa wavutaji aliupamba. Turubai bora kuliko yote lilikuwa kule. Viti vya kuegemea vilikuwa kule. Muuza kahawa na dele lake alikuwa kule, na sahani ya kashata. Sijui mtu anayeijua heshima yetu angefanyaje vinginevyo, lakini matokeo yake nusu ya kiwanja walitaka kuwa wavutaji. Watu ambao hawajawahi kugusa sigara maishani waliomba kipisi ili wakae na wakubwa wanywe kahawa. Nilimwona karani mmoja mstaafu, mcha Mungu, ameshika sigara isiyowashwa, tena kwa kuigeuza, mdomo wa kuwashia ukiwa upande wake. Upande wa pili walibaki kinamama wachache juani, na mke wa marehemu kati yao, akitikisa kichwa. Mumewe alipomfikia alimwambia, "Umetupa sisi adhabu na wao umewafanyia harusi." Nilikuwa karibu, nilisikia. Hakubisha. Alisema, "Kweli, mama watoto, nimepanga vibaya," na siku ile ile, kabla ya mzunguko wa pili, akahamisha turubai, viti na kahawa vikaenda kwa wasiovuta.

Nilikasirika, nisiwafiche. Kahawa bila sigara wakati ule niliiona kama wali bila mchuzi. Lakini tulijikuta tunavuta haraka haraka kule juani, tunatupa kipisi, tunarudi kunywa kahawa na kuzungumza, na kidogo kidogo safari zikawa chache. Mara mbili nyingine alinikuta nimesahau, nimewasha nikiwa upande usio wangu. Mara zote alichuchumaa. Niliacha sigara mwaka ule, na watu wakidhani ni daktari ninawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilichoka kuhamishwa kwa heshima.

Mkewe naye alikuwa na lake. Alichana kipande cha kanga yake ya zamani, yenye maua mekundu, akampa mumewe akafunge juu ya nguzo. Akamwambia, "Pimia upepo kwa hiki." Tangu siku hiyo kila turubai la marehemu lilikuwa na kitambaa hicho, hata kwenye harusi, na wageni walidhani ni urembo. Yeye aliendelea kuvuta. Hilo lazima niliseme, maana sipendi kumbukumbu zinazomgeuza mtu malaika. Alijaribu kuacha, akashindwa, akajaribu tena. Aliweka shati la pili kwenye nguzo ya upande wa wavutaji. Akitaka kwenda kuketi na mkewe, alikuwa anasukutua mdomo, ananawa mikono kwa sabuni, anabadilisha shati, ndipo anavuka kamba. Nilimtania kwamba anajiandaa kama bwana harusi. Akasema, "Nimemkalisha mlango umefungwa miaka yote hiyo. Acha sasa na mimi nibishe hodi."

Na siku moja, binti alipopita kona ya mwisho na kugeuza kichwa, kiti kilikuwa na mtu. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti, baibui limejaa vumbi, anapiga vigelegele, virefu, kimoja baada ya kingine, mwanamke ambaye nilizoea kumsikia akikohoa. Binti alishika nafasi ya tatu. Lakini marehemu hakuangalia pikipiki hata moja. Alikuwa amesimama kwenye kamba, shati moja mwilini na jingine mkononi, anamsikiliza mkewe, na machozi yanamtoka waziwazi bila kuyafuta.

Alipougua, waliomhudumia walisema mapafu yamechoka. Nilikwenda kumwona mara moja tu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana nilikuwa nimejiambia nitarudi wiki inayofuata. Alinipa mkono kama kawaida. Aliuliza kama mashindano yataendelea, na nani atapanga viti.

Siku ya mazishi tulirudi kutoka makaburini tukaketi nje ya nyumba yake, chini ya turubai lake mwenyewe. Watu wake walikuwa wamelifunga vizuri, ila walikuwa wanalia wakati wanalifunga, na aliyekuwa akitazama upepo hakuwepo. Kinamama walikuwa ndani. Mjane alikuwa chumba cha mbele, dirisha lake likifungukia tulipoketi. Na kwa kuwa ndivyo tunavyoketi, mkubwa kuliko wote alipewa kiti cha pembeni ya ukuta, kwenye kivuli, chini kabisa ya dirisha lile. Mzee yule ni mtu wa kuheshimika, amewafundisha Kurani wengi wetu. Baada ya dua akatoa sigara akawasha.

Kikohozi kilianza ndani polepole. Kisha kikazidi. Mkono wa mtu ulivuta dirisha kulifunga, lakini lile dirisha halifungi sawasawa, na joto la mle ndani unalijua. Chini ya turubai tulikuwa wanaume kama thelathini. Sote tulikisikia, na sote tukaangalia chini. Niliona vidole vya miguu vinachora mchanga, na vyangu vikiwamo. Nikainua macho kwenye nguzo. Kile kipande cha kanga kilikuwepo, kimefifia, na kilikuwa kimenyooka kuelekea dirishani.

Niliogopa. Nina umri wa kuitwa babu na niliogopa kama mwanafunzi. Niliinuka, magoti yakalia, watu wakanitazama. Nilikwenda mpaka mbele ya mzee nikachuchumaa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia, "Kiti chako tumekiweka kule, pana kivuli kizuri," na nikatoa mkono. Mzee aliitazama sigara, akalitazama dirisha, akasikiliza kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe hajaondoka bado," akanipa mkono wake. Nilimshika mpaka upande wa pili, nikamwekea kiti, nikasimama naye mpaka alipomaliza. Tuliporudi wote wawili, kikohozi kilikuwa kimetulia na dirisha limefunguliwa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nami nakubali, ila huharibika mapafu ya watu kama vijana wote wakiangalia chini. Miaka mingi nilidhani kuna njia mbili tu mbele ya mkubwa anayekosea, kunyamaza au kumkosea adabu, na kwa uvivu wangu nikachagua kunyamaza na kuuita uungwana. Mkodishaji wa viti alinionyesha njia ya tatu, na ilihitaji magoti kuliko maneno. Mashindano yatarudi korosho zikiisha kuuzwa, binti atashindana, na mama yake, akimaliza eda, atataka kiti chenye upepo mzuri. Kamba ninayo mimi, nimeomba nikapewa. Atakayenisaidia kuifunga aje, lakini ajue sharti la kazi: asiyeweza kuchuchumaa asimhamishe mtu.