Fyuzi ya Harusi ya Nekesa

Mpaka leo nikipita mji wa Fridley, huku ughaibuni, naangalia upande mwingine, maana pale kuna kanisa ambalo watu wake waliniona nimeingiza kichwa chini ya usukani, miguu iko nje kwenye theluji, suti imepasuka nyuma, na watu hao ndio wakwe zetu.

Gari ni letu la zamani, lile nililokuwa nikimpelekea shule Nekesa, mtoto wa dada yangu, na mimi ndiye niliyeng'ang'ania limpeleke pia harusini (wengine walitaka la kukodi, nikanuna siku mbili). Kasoro zake zilikuwa mbili tu: mlango wa abiria wa nyuma, ule wa kuteleza, ambao ni mmoja, ulifunguka kwa swichi ya dereva peke yake, mipini ilishavunjika, na taa ya ndani haikuwa inazimika. Asubuhi ile tulipotoka nyumbani Hopkins theluji ilianguka polepole, dunia nyeupe na kimya, unaendesha kama uko usingizini, na katikati ya uzuri huo taa inamwakia bibi harusi kichwani kama yuko dukani. Nikasimama kando, nikang'oa fyuzi moja chini ya usukani, taa ikazimika, nikaitia fyuzi mfukoni. Nilijiona fundi.

Tulipofika nikabonyeza swichi. Kimya. (Kumbe taa na mlango vinakula sahani moja.) Ningesema pale pale, yangekwisha. Lakini nilikuwa nimelisifu mno gari lile, na kuirudisha fyuzi kungetaka niiname mbele ya wakwe wote, nikabaki nimeshika usukani, natabasamu.

Basi kina shangazi wakaanza kuimba, maana kwetu bibi harusi hashuki bila kubembelezwa. Upande wa bwana harusi, Wakongo, wakaitikia na kucheza, wakidhani Wakenya ndivyo tunavyokawia. Wetu nao wakadhani Wakongo ndio wanaotaka nyimbo zaidi. Hakuna aliyetaka kuuliza. Theluji inashuka, vitenge vinazunguka, sauti zinapenya kwenye kioo kama zinatoka mbali, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kufurahia.

"Anko, si ufungue tu?" Nekesa akasema, maana hata mlango wa mbele hakuweza kutokea, gauni lile lisingepita katikati ya viti.

Kisha mama wa bwana harusi akaja mlangoni, akapiga magoti kwenye theluji, mama mzima, akaweka kiganja kwenye kioo. "Mwana yangu," akasema, machozi yanamtoka, "kama kuko kitu tulikukosea, utuambie."

Nekesa akatikisa kichwa kumwambia hapana, hamkunikosea, na mama yule akaelewa kwamba amekataliwa. Nikaona aibu yangu na uchungu wake si saizi moja. Nikashuka.

"Mama, inuka. Hajakataa. Mimi ndiye nimeng'oa fyuzi."

Nyimbo zikakatika. Nikainama chini ya usukani, suti ikapasuka (mlio ulifika hadi kwa mpiga picha), nikairudisha fyuzi mahali pake. Taa ikawaka, mlango ukateleza wenyewe taratibu, na Nekesa akaonekana ameketi katika mwanga ule wa manjano, mzuri hata tukasahau kupiga vigelegele. Mama yule akamkumbatia pale pale, magoti yote yamelowa.

Nimeapa sigusi tena umeme wa gari, hata redio ikikwama ikwame. Taa haijazimika mpaka leo. Mama yule akipanda huitazama kwanza, akahakikisha inawaka, ndipo ananiruhusu nifunge mlango.