Dhahabu Nyekundu Sokoni Ikonge

Kufikia miaka ya tisini hakukuwa na kitu cha kunishangaza tena. Niliacha shule darasa la nne na bado nilikuwa na malori mawili Keroka, huku wenye digrii wakiniomba lifti.

Ndipo daktari mmoja wa utafiti, mama wa makamo mwenye miwani, akaweka meza sokoni Ikonge. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza kipimo kipya cha malaria na walitaka kukijaribu: kijikaratasi chembamba, tone la damu, kisha unangoja mistari. Mmoja, huna. Miwili, unayo. Bila malipo. Hapo tu nikajua ni matapeli.

Mama yangu alikuwa na siku ya tatu akitetemeka. Nilikuwa nimemleta kununua blanketi, si kupimwa. Sisi watu wa majani chai tunajua malaria ni ya kule chini ziwani. Huku kwetu baridi inaua mbu kabla hajaoa. Mama alinyeshewa akichuma chai, basi.

"Huo mstari mnauchora na nini?" nikauliza.

"Dhahabu, mzee. Chembe ndogo sana, zinashika alama ya ugonjwa kwenye damu."

Nilicheka hadi wauza ndizi wakageuka. "Dada, dhahabu nimenunua kwa Mhindi Kisii mjini. Ni ya njano."

"Ikiwa ndogo kiasi hicho, mwanga unaionyesha nyekundu."

"Basi na mimi nikisagwa nitatoka Mzungu."

Mama akasema kutoka ndani ya leso, "Mwache anipime. Hiyo dhahabu ulifundishwa darasa la nne?"

Nikamrudisha nyumbani. Blanketi mbili, chai ya tangawizi. Siku ya pili, mchana mweupe, akaniita kwa jina la marehemu baba na kuniuliza mbona sijafunga ng'ombe. Nikambeba hadi kwenye lori. Soko lilikuwa njiani kwenda hospitali, nikasimama.

Daktari hakunikumbusha chochote. Alimdunga kidole, tukangoja robo saa, ndefu kuliko safari yoyote ya Mombasa. Mistari miwili ikatokea, myekundu, mizuri kweli.

"Hospitali sasa hivi. Waambie ni malaria, damu yake imeisha."

Alilala wodini siku tisa, kwinini mkono huu, damu mkono ule. Alipona, na hakuna harusi ambayo hajasimulia habari za mwanawe fundi wa dhahabu.

Kipimo kilikuwa bure. Ujuzi wangu, kwa bili ya wodi na mafuta ya lori, ulinigharimu shilingi elfu saba mia nne themanini na tano, na senti hamsini.