Siku Matunzo Yangu Yalipohamishwa

Nilisikia muhuri kabla sijamwona hakimu. Uligonga meza upande wa pili wa mlango, mara tatu, ukanyamaza, ukagonga tena. Nje ukungu wa Iringa ulikuwa umemeza hata mlingoti wa bendera. Mama, aliyenipokea stendi asubuhi ile, aliniinamia.

"Ukiulizwa, unalala kwangu. Basi. Usiongeze neno."

Nilikuwa na miaka minane. Mama alipolazwa kwa kifua kikuu, nilipelekwa Kilolo kwa bibi mzaa baba. Baba, dereva wa lori kule Mbeya, aliendelea kumtumia mama matunzo yangu, kama mahakama ilivyoamuru walipoachana. Sasa mama alikuwa ametoka wodini, amepanga chumba karibu na soko, na kodi ilitoka kwenye matunzo hayo. Shule zikifunguliwa angenichukua. Bila chumba, hakuwa na pa kunipeleka. Na baba alikuwa ameomba uamuzi uangaliwe upya.

"Ndugu hakimu," alisema baba tulipoingia, "anayemlisha ni mama yangu mzazi. Mimi nalea mtoto au nalipia chumba?"

"Wewe unayelala Tunduma zaidi ya kwako," mama akamjibu, "haya, kiatu chake namba ngapi?"

Mmoja wa wazee wa baraza waliokaa kando ya hakimu alicheka hadi akakohoa. Baba aliitazama miguu yangu. Nilikuwa pekupeku.

Hakimu akaniuliza ninalala wapi.

"Kwa mama."

Akaandika. Niliona mabega ya mama yakishuka.

Ndipo yule mzee aliyecheka akaniita. Nikapiga goti, nikamwamkia. Alivitazama vidole vyangu vyenye alama za kisu.

"Marahaba, mjukuu. Mianzi yenu inatoa?"

Wakati wa mvua, kwetu watu wazima hujuliana hali hivyo. Mimi sikuwa nimewahi kuulizwa. Mwaka ule bibi alikuwa ameniachia kazi ya kukata machipukizi ya mianzi asubuhi na jioni ili ulanzi, utomvu unaogeuka pombe, udondoke, na niliringia kazi ile kuliko darasa.

"Inatoa, babu! Leo alfajiri nimekata ishirini kabla ya basi."

Chumba cha karibu na soko hakikuwa na mwanzi hata mmoja. Mzee aliinamisha macho; hadi leo sijui kama alinitega au alinisalimu tu. Hakimu akafuta alichoandika.

Matunzo yalihamishiwa kwa bibi kuanzia mwezi uleule. Huenda ilikuwa haki. Wali na mboga nilivila kwake. Muhuri ukagonga, safari hii mbele ya macho yangu, nikashtuka vilevile.

Mama alichovya kidole gumba kwenye wino, akakandamiza karatasi. Akanishika kichwa kwa mkono uliokuwa safi.

"Hukukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyesahau mianzi."

"Utakuja Kilolo?"

Alifunga kitenge kifuani, akatoka. Ukungu uliingia kidogo mahali alipopita, na tarishi, aliyekuwa akisikia baridi, akainuka akafunga mlango.